REDIO YA MOTOKAA: IWE YA MKONONI AU YA KUFUNGWA?

Maelezo kwa wenye magari yapitayo njia mbaya katika Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Victoria

Mvua kubwa inyeshapo katika milima ya Nandi, watu wa Kano hawana haja ya kuambiwa; mto Nyando huwaletea habari wenyewe. Maji hushuka kwa kasi kutoka miteremkoni, na yafikapo katika nchi tambarare baina ya Ahero na ziwa hufurika na kuenea mashambani. Udongo mweusi wa nchi ile, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, hugeuka kuwa tope lenye kunata, na hata Land Rover iendeshwayo kwa magurudumu yote manne yaweza kuzama mpaka ekseli. Ndivyo ilivyo katika Budalang'i mto Nzoia uyavunjapo maboma yake ya udongo, kama ilivyotokea mwezi wa Mei mwaka 2020. Ndivyo ilivyo pia katika bonde la Lambwe, ambamo njia za Mbuga ya Taifa ya Ruma huwa taabu kupitika siku za mvua.

Dereva aliyekwama mahali kama hapo pengine ana mgonjwa nyuma, au amechukua mablanketi na unga wa watu waliohamishwa na maji, au ana askari wa wanyama wanaofuata nyayo za majangili. Jambo alihitajilo kwanza si jembe wala kamba ya kuvutia, bali ni kuweza kusema na wenziwe walio mbali: yuko wapi, ana nani, na ni njia ipi isiyofaa kupitwa na gari litakalomfuata.

Watu wengi hutegemea simu ya mkononi, na kwa siku nyingi za mwaka simu hiyo yatosha. Lakini simu ya namna hiyo hainenani na mwenziwe moja kwa moja; sharti ifikie mnara wa kampuni, na mnara nao sharti uwe na umeme na njia ya kupeleka sauti mbele. Gharika ikikata umeme, au watu wa wilaya nzima wakipiga simu kwa saa moja, mnara huweza kunyamaza siku ile ile unapohitajiwa kuliko siku zote. Tena simu humwita mtu mmoja, hali redio husikiwa na magari yote ya kundi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu vikosi vya uokoaji, askari wa mbuga, na wengine wenye kazi za porini wangali wakitumia redio za kusema na kujibu, ambazo wazee waliziita simu ya upepo.

Swali linalowasumbua wanunuzi ni hili: je, redio iwe ya kushikwa mkononi, au ya kufungwa ndani ya gari? Wauzaji husifu kila kilichoko dukani. Yafaa basi mnunuzi aelewe mambo yenyewe, apate kuamua kwa akili zake.

VYOMBO VYENYEWE

Redio ya mkononi ni chombo kilichokamilika peke yake. Mashine, betri, kipaza sauti na eriali fupi vyote vimo katika kasha moja linaloenea kiganjani. Nguvu yake, katika mawimbi yatumiwayo kwa kazi hizi, kwa kawaida haizidi wati 5.

Redio ya kufungwa hukazwa kwa skrubu chini ya dashibodi. Hupata umeme kutoka betri ya gari, na eriali yake husimama nje, juu ya paa au karibu na boneti. Nguvu yake kwa kawaida ni baina ya wati 25 na wati 50. Bei yake ni kubwa zaidi, na sharti apatikane fundi wa kuifunga.

Vyombo hivi si vipya. Polisi wa mji wa Bayonne katika New Jersey, Marekani, walianza kusema na kujibiwa wakiwa ndani ya motokaa zao mwaka 1933. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa na redio iliyobebwa mgongoni, SCR-300, ambayo uzito wake ulipita kilo 14, na nyingine ya kushikwa mkononi, SCR-536, yenye uzito upatao kilo 2 na kitu. Tangu siku zile shauri limekuwa lile lile: chombo chenye nguvu kitataka gari la kukichukua, na chombo chepesi kitapungukiwa na nguvu.

JINSI MAWIMBI YASAFIRIVYO

Redio hizi hutumia mawimbi ya megahezi 136 hadi 174, ambayo mafundi huyaita VHF, au mawimbi ya megahezi 400 na zaidi, ambayo huitwa UHF. Mawimbi ya namna zote mbili husafiri karibu kama mwanga wa taa, yaani kwa mstari ulionyoka. Hupinda kidogo tu kuufuata mviringo wa dunia, na mlima ukisimama katikati huyazuia.

Kwa hiyo umbali wa kusikilizana hutegemea sana jinsi eriali ilivyo juu. Hesabu yake si ngumu. Twaa urefu wa eriali kutoka chini kwa meta, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 4.1, jawabu ni kilometa za upeo wa eriali ile. Mtu aliyesimama katika uwanda wa Kano, redio ikiwa meta 1.5 kutoka chini, ana upeo wa kilometa 5. Mwenzake aliye vivyo hivyo ana kilometa 5 nyingine, na jumla ni 10. Magari mawili yenye eriali zilizo meta 2 kutoka chini yana jumla ya kilometa 12 kasoro kidogo.

Hiyo ni hesabu ya mahali peupe pasipo kizuizi. Miti, nyumba, na miwa mirefu ya Chemelil na Muhoroni hunywa mawimbi, na redio mbili za mkononi mara nyingi hufikishana kilometa chache tu. Mnunuzi asidanganywe na maandishi ya kasha yanayoahidi kilometa 30 au 50. Umbali huo hupatikana pale mmoja anapokuwa juu ya kilele naye mwingine anaonekana wazi kule chini, wala si barabarani.

Kilele chenyewe, hata hivyo, ni jambo kubwa. Kilele cha vilima vya Homa kimefika meta 1,751 juu ya bahari, na uso wa ziwa uko kama meta 1,134. Basi mtu asimamaye pale yuko zaidi ya meta 600 juu ya maji, na upeo wake wapata kilometa 100. Kisumu iko karibu kilometa 40 tu kutoka hapo kwa mstari wa moja kwa moja. Mwenye wati 5 aliye juu ya mlima humshinda mwenye wati 50 aliye korongoni.

NGUVU SI KILA KITU

Wengi hudhani kwamba redio ya wati 50 itafika mara kumi zaidi ya redio ya wati 5. Sivyo. Mahali pasipo kizuizi, nguvu ikizidishwa mara nne umbali huongezeka mara mbili tu; ikizidishwa mara kumi, umbali huongezeka kama mara tatu. Tena mviringo wa dunia na ubavu wa mlima haviogopi wati. Gari lililo nyuma ya kilima halitasikika vizuri kwa sababu tu mwenyewe ameongeza nguvu.

Mbona basi redio ya kufungwa husikika vizuri zaidi kuliko ya mkononi? Sehemu moja ni nguvu, maana sauti yenye nguvu huupenya ukungu wa kelele na hufika bila kukatika. Lakini sehemu kubwa ni eriali.

ERIALI NI NUSU YA REDIO

Mawimbi ya megahezi 150 yana urefu wa meta 2 kutoka wimbi moja hadi jingine. Eriali nyepesi ifaayo kwa mawimbi hayo ni robo ya urefu huo, yaani sentimeta 50. Redio ya mkononi haiwezi kubeba fimbo ndefu hivyo bila kumchoma mchukuzi machoni, kwa hiyo waya wake husokotwa na kutiwa ndani ya mpira wa sentimeta 15 au 20. Kwa kufupishwa hivyo, sehemu ya nguvu hupotea kabla ya sauti kwenda popote.

Hasara ya pili ni gari lenyewe. Mtu akitumia redio ya mkononi akiwa ameketi ndani ya gari, amejifungia katika sanduku la bati. Mawimbi hutafuta njia kupitia vioo, na upande wenye chuma hayatoki vizuri. Dereva mwenye redio hiyo na afungue mlango, ashuke, asimame mahali palipoinuka, ndipo aseme. Jambo hilo halimgharimu kitu, nalo huwa na faida kuliko kununua betri kubwa.

Eriali ya redio ya kufungwa ina urefu wake kamili, nayo husimama nje. Bati la paa chini yake huyasaidia mawimbi kutoka sawasawa pande zote, mradi eriali iwe katikati ya paa. Ikifungwa pembeni, sauti itakwenda zaidi upande mmoja. Ikisimama kati ya vyuma vya keria, vyuma hivyo vitaizuia.

Wenye Land Rover za zamani wakumbuke kwamba mabati yake mengi ni ya alumini, na eriali ya kitako cha sumaku haishiki juu ya alumini. Gari la namna hiyo litobolewe tundu na fundi, au lifungiwe kipande cha chuma cha kuishikilia. Na paa likiwa la turubai au la plastiki, eriali ya robo ya wimbi haitafanya kazi yake vema. Itafutwe nyingine isiyotegemea bati.

UMEME

Redio ya kufungwa ya wati 25 hula ampea 6 hadi 8 inaposema, na kama nusu ampea tu inaposikiliza. Twaa mfano wa gari lililokwama, injini imezimwa, redio ikasikiliza usiku na mchana kwa saa 24. Imekula ampea-saa 12. Ikiwa betri ni ya ampea-saa 60, bado yaweza kuwasha injini kama ni nzima. Kwa hiyo dereva anaweza kungoja msaada siku nzima bila hofu, mradi asipige domo ovyo.

Waya wa redio hiyo uwe mnene, nao utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu na betri. Watu wengine huiunganisha na tundu la kuwashia sigara. Waya wa tundu hilo ni mwembamba. Huunguza fyuzi, na katika njia ya mashimo plagi huchomoka wakati mbaya.

Redio ya mkononi ina betri yake, ambayo ikiwa mpya kwa kawaida hutosha kazi ya siku moja. Lakini betri hizo huzeeka, na baada ya miaka michache ile iliyotosha siku nzima huisha adhuhuri. Mwenye redio ya mkononi awe na betri ya akiba, na awe na chaja ya kutumia umeme wa gari. Redio iliyokwisha betri si kitu ila mzigo.

GARI LIKIZAMA

Mpaka hapa ingeonekana kwamba redio ya kufungwa imeshinda. Lakini redio hiyo ina kosa moja ambalo hakuna fundi awezaye kuliondoa: ni mfungwa wa gari. Gari likienda, nayo huenda. Gari likizama, nayo huzama. Maji ya mto yakifika penye betri na nyaya, redio ya kufungwa hunyamaza. Dereva na abiria wakipanda juu ya paa ili kuokoa maisha yao, redio hubaki chini, hata kama wakati huo ndio wanaohitaji sana kuita mashua.

Mwenye redio ya mkononi hupanda nayo juu ya paa. Tena sasa yuko nje ya sanduku la bati, na yuko juu kidogo. Husikika vizuri kuliko alipokuwa ameketi kitini. Kwa kazi ya gharika itafutwe redio yenye alama IP67. Maana yake ni kwamba vumbi haliingii, na ikitumbukia katika maji ya kina cha meta 1 kwa dakika 30 haiharibiki. Zipo pia zinazoelea, nazo zinafaa kwa wale washukao garini na kuingia katika mashua.

Kazi ya askari wa wanyama huonyesha jambo lilo hilo kwa namna nyingine. Mbuga ya Ruma, yenye eneo la kilometa za mraba 120, ni makao ya korongo, wanyama ambao katika Kenya hawapatikani mwituni mahali pengine, na ina vifaru pia. Gari la doria huweza kufuata njia tu. Askari hushuka na kuingia katika majani marefu kwa miguu, na saa mbili baadaye huenda wako kilometa kadhaa kutoka kwa gari lao. Redio iliyofungwa garini haiwafai wakati huo, isipokuwa dereva aliyebaki nayo awe daraja baina yao na kituo: wao humwambia kwa redio ya mkononi, naye huwaambia wakubwa kwa redio yenye nguvu.

NCHI YENYEWE

Pwani ya ziwa si nchi moja. Katika Kano, hakuna kilima cha kuzuia sauti wala cha kuisaidia. Kaskazini ya Kisumu nchi hupanda ghafula kwenye vilima vya Riat, na mashariki uko ukingo mkubwa wa Nandi. Gari likishapita nyuma ya vilima hivyo laweza kupotea masikioni mwa kituo kilicho mjini. Kusini ya Kano kuna uwanda wa juu wa Nyabondo. Bonde la Lambwe nalo limezungukwa na vilima vya Gembe, Ruri na Gwasi, pamoja na mteremko mkali wa Kanyamwa. Walio ndani yake husikilizana vema wao kwa wao, lakini kuyatoa maneno nje ya bonde ni shida.

Dawa ya jambo hili ni mtambo wa kurudia sauti, ambao mafundi huuita ripita. Mtambo huo huwekwa juu ya mlima. Husikia katika mawimbi ya namba moja, na papo hapo husema maneno yale yale katika mawimbi ya namba nyingine, kwa nguvu na kutoka juu. Kwa msaada wa ripita iliyo juu ya kilima chenye kuona pande zote mbili za ghuba, redio ya wati 5 iliyoko Kano yaweza kusema na Homa Bay. Kundi lenye ripita njema haliwi na haja kubwa ya redio za kufungwa mahali ambapo mlima ule unaonekana.

Lakini ripita nayo ni mashine, na yaweza kuharibika kwa radi au kwa kukosa umeme. Kwa hiyo kila kundi liwe na chaneli moja ambayo redio husemeshana moja kwa moja bila ripita, na kila dereva aijue.

Katika kuchagua mawimbi, VHF hufaa zaidi mashambani, maana huzunguka vilima na kupita katika miti kwa wepesi zaidi. UHF hupenya vizuri ndani ya majumba ya mjini, na eriali yake ni fupi. Redio ya VHF haiwezi kusema na ya UHF. Kabla ya kununua, mtu aulize kwanza wenziwe wanatumia nini. Wale wanaosafiri mbali sana, kwa mfano kutoka Kisumu mpaka Turkana, hutumia redio ya namna ya tatu, HF, ambayo mawimbi yake hugonga tabaka za juu angani na kurudi chini mamia ya kilometa mbali. Hiyo hutaka eriali ndefu na umeme mwingi, na kwa gari huwa ni ya kufungwa.

NJIA YA KATI

Ipo njia ya tatu kwa wenye fedha kidogo. Redio ya mkononi hutumiwa ndani ya gari, lakini eriali yake fupi huondolewa na badala yake huunganishwa waya uendao kwenye eriali iliyo juu ya paa. Hupewa pia kipaza sauti cha kamba na umeme wa gari. Nguvu yake hubaki wati 5, lakini faida ya eriali ndefu iliyo nje hupatikana yote. Gari likikwama, dereva hufungua waya, hurudisha eriali fupi, na kuondoka na redio yake.

Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, kifungio cha eriali hulegea kwa kufunguliwa kila siku. Pili, mtu asibonyeze kitufe cha kusema wakati eriali haimo, kwani nguvu isiyo na mahali pa kwenda huweza kuiunguza mashine.

SHERIA

Hairuhusiwi mtu kununua redio ya namna hii na kuanza kusema apendavyo. Katika Kenya, mawimbi husimamiwa kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998. Siku za zamani kazi hiyo ilikuwa ya idara ya posta na simu ya Afrika ya Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 ikawa ya shirika la posta na simu la Kenya. Tangu mwaka 1999 imekuwa ya chombo maalum, ambacho leo huitwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chombo hicho hutoa leseni, hupanga namba za mawimbi, na huangalia aina za redio zinazokubaliwa nchini.

Sheria hii ina maana yake. Mawimbi ni kama kisima cha kijiji: mmoja akikivuruga, wote hukosa maji. Redio iliyotiwa namba zisizo zake yaweza kuingia katika maneno ya polisi, ya ndege au ya gari la wagonjwa. Redio nyingi za bei nafuu huja bila kupangwa kwa sheria ya nchi, na kosa huwa la mwenye kuitumia.

ADABU YA KUSEMA

Redio njema katika mikono ya mtu mwenye maneno mengi haina faida. Katika redio hizi mmoja akisema wengine hawawezi kusema. Kwa hiyo msemaji abonyeze kitufe, angoje kidogo, amtaje anayeitwa kisha ajitaje mwenyewe, aseme kwa ufupi, na amalize kwa neno "ova" ili mwenzake ajue ni zamu yake. Mfano ni huu:

"Kituo, Kituo, hapa Gari la Pili. Ova."

"Gari la Pili, hapa Kituo. Nakusikia, bwana dereva. Sema. Ova."

"Nimekwama kilometa mbili kupita soko la Ahero, upande wa ziwa. Nina mama mjamzito na muuguzi mmoja. Maji yamefika magotini na yanapanda. Gari la Tatu lisipite njia hii. Ova."

"Nimepata: kilometa mbili kupita soko la Ahero, upande wa ziwa, mama mjamzito na muuguzi, maji magotini, yanapanda, Gari la Tatu lisipite. Mashua inatoka sasa. Usizime redio. Ova."

Maneno hayo ni machache, lakini yamesema mahali, watu, hatari, na onyo kwa wengine. Nacho Kituo kimeyarudia, ili kosa lolote lisahihishwe papo hapo. Gari la Tatu nalo limesikia yote bila kuitwa. Hiyo ndiyo faida ambayo simu haina.

BASI NI IPI ICHAGULIWE?

Ikiwa gari husafiri mbali, na kazi ya dereva hufanyika akiwa kitini, kama gari la wagonjwa au lori la vyakula, redio ya kufungwa ndiyo ifaayo, na eriali yake isimame katikati ya paa.

Ikiwa watu hushuka garini na kufanya kazi kwa miguu au kwa mashua, kama askari wa mbuga, wapimaji wa ardhi na waokoaji, redio ya mkononi haina budi, na iwe isiyoingiwa na maji.

Ikiwa magari mawili matatu husafiri pamoja kwa karibu, kama wakati wa kuvuka bonde la Lambwe, redio za mkononi zatosha, hasa zikiwa na eriali za paani.

Na ikiwa kundi lina fedha za kununua redio chache tu, mpango ulio bora ni kufunga redio moja yenye nguvu katika gari kuu, na kuwapa waliobaki redio za mkononi za mawimbi yale yale. Redio ya garini itakuwa mdomo wa kusema na walio mbali, na zile za mkononi zitakuwa masikio ya walio karibu. Gari likizama, bado iko moja mfukoni.

Redio ya namna yoyote ijaribiwe kabla ya masika. Dereva apite njia zake zote wakati wa ukavu, asimame kila baada ya kilometa chache, aite kituo, na aandike katika daftari mahali anaposikika na mahali asiposikika. Daftari hilo likae ndani ya gari pamoja na betri ya akiba. Maji ya ziwa yalipanda sana baada ya mvua kubwa za 1961, yakapanda tena mwaka 2020 na mwaka 2024. Hakuna awezaye kusema ni mwaka gani yatapanda tena. Siku hiyo ikifika, dereva aliyekwama katika tope la Kano atafungua daftari lake, ataona kwamba kilima kidogo kilicho nyuma yake ndipo mahali anaposikika, naye atachukua redio yake na kwenda pale mara moja.